Maji ya Magome

3 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima: zangu, za wifi yako, na za watoto, ambao kila siku wananiuliza shangazi anakuja lini, nami nawaambia waniulize kitu kingine. Yule mdogo ameota meno mawili na kazi yake sasa ni kuniuma. Mama hajambo. Goti linamsumbua, ila ulimi uko palepale. Juzi kamfukuza mteja aliyesema kiwanda chetu kinanuka. Kamwambia kama anataka vya kunukia, duka la manukato lipo ng'ambo ya barabara.

Nianze kwa kukulaumu, maana nisipokulaumu utadhani ni mtu mwingine anaandika. Tangu tumzike baba umetuletea barua mbili, na moja ilikuwa kadi.

Sasa shida yenyewe. Yule muuza magome tuliyemzoea ameacha biashara, miti yake imekwisha. Huyu mpya anatuletea magome mengine, mekundu, yanapendeza kwa macho. Nimeyatwanga, nimeyachemsha kwenye pipa kama alivyofanya baba, nimejaza mashimo yote matatu na kulowekea ngozi. Zinatoka na rangi nzuri juu. Ukizikata, katikati kuna mstari mweupe, mbichi kabisa, na baada ya muda unaanza kutoa harufu. Fundi viatu amezirudisha zote. Hakunitukana hata kidogo, aliziweka tu mlangoni akaenda zake, na hilo ndilo lililoniuma.

Mtu wa kuchemsha naye kaacha kazi, kwa hiyo sasa anayekoroga pipa ni mama. Nimemkataza mpaka mdomo umeniuma. Anasema yeye alikoroga baba akiwa hai, na atakoroga baba akiwa kaburini. Kungekuwa na mtu mwingine wa familia hapa, angepumzika. Basi, sisemi zaidi.

Nakutumia mfuko wa magome na chupa ya maji ya shimo la tatu. Ngozi hizi ndizo zilizokusomesha, sasa nazo zisome kidogo kupitia kwako. Mama anasema: mwambieni Daktari wangu asiharakishe, apime taratibu. Mimi na wewe tunajua si daktari wewe, ni mpimaji wa maabara, lakini nenda kamwambie mama hivyo uone.

Barua inakuja na Honi, yule dereva wa lori la ngozi. Mpe jibu mapema. Akianza kupiga honi yake hamngojei mtu.

Ni mimi kaka yako, nisiyejua kuandika kifupi.


27 Februari

Kaka,

Shikamoo. Na nyingine mfikishie mama kabla hujaanza habari za ngozi. Huku tuko salama. Shemeji yako amehamishiwa zamu ya mchana, kwa hiyo siku hizi tunaonana sura, na tumegundua bado tunapendana. Anakusalimu.

Lawama nimezipokea. Sababu ya kutoandika unaijua. Siku tulipokaa kugawana vitu vya baba ulisema, wajomba wakisikia, kwamba mimi fungu langu nilishalila shuleni. Kila nikishika kalamu neno hilo linakuja kukaa mbele yangu. Tuliache.

Magome yako nimeyapima. Kinachogeuza ngozi mbichi ikawa ya kiatu kinaitwa tanini. Mti unakiweka kwenye magome yake ili wadudu na ukungu visiule. Ukitafuna ndizi mbichi na kinywa kikaingia ukakasi, ndicho hicho: kinashikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi. Kwenye ngozi kinafanya vilevile. Kinazishika protini, kinazikaza, hazioni tena njia ya kuoza.

Nilichuja maji yenu nikayadondoshea jelatini iliyotiwa chumvi. Tanini ikiwepo maji yanachafuka hapohapo. Yenu yalichafuka nikadhani nimekosea nikamwaga maziwa. Nikarudia na kloridi ya chuma. Kuna tanini zinazogeuka bluu nzito kama wino, na kuna zinazogeuka kijani kinachoelekea weusi. Magome mapya ni ya kijani, na kileta ukakasi chake ni kikali sana.

Kwa hiyo shida yako si udhaifu, ni ukali. Unaitumbukiza ngozi mbichi kwenye maji makali siku ya kwanza. Juu panajifunga papo hapo, na pakishajifunga hakuna kinachopita tena kwenda ndani. Unabaki na ngozi iliyoiva juu na kuoza katikati. Anza na maji mepesi, uyapandishe kidogo kidogo.

Mama mwambie hivi, atafurahi: magome ya aina hii sisi hapa tunayapima kwa ajili ya dawa. Mtu anayehara akinywa kidogo tumbo linatulia. Fizi zinazotoka damu, ukisukutua zinakaza. Hata walioungua, zamani madaktari walikuwa wakiwamwagia maji ya tanini, jeraha linafunga ganda kavu, halivuji tena, na maumivu yanapungua. Miaka yote hii mama amekaa juu ya dawa bila kujua. Ila hilo la moto

Honi ameanza, majirani wametoka nje kutazama kuna nini. Nitamalizia siku nyingine.

Mdogo wako.


2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Sote wazima.

Ulivyosema kuhusu ngozi ni kweli. Nimeyapunguza makali maji ya shimo la kwanza, na ngozi zinaiva mpaka ndani. Fundi viatu amerudi, anajifanya kama hakuwahi kuondoka. Mama anapumzika, hakorogi tena.

Ile ya moto hukuimalizia. Nauliza tu. Ganda likishafunga, likawa gumu la kahawia, linaachwa hivyo au linaendelea kumwagiwa? Na mgonjwa akisikia baridi mchana wa jua, akawa hataki chakula, ni kawaida yake? Ni jirani yetu mmoja, alimwagikiwa na maji ya moto. Kifua, tumbo na mkono wa kulia. Limekauka vizuri mno, ukiligonga kwa kidole linalia.

Jibu upesi.

Kaka yako.


9 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Tangu nikujue hujawahi kuandika barua ya ukurasa mmoja. Jirani gani huyo, hata jina lake la utani hukulitaja? Majirani wote wa pale nawajua, na wewe hujawahi kuwa na haraka kwa ajili ya hata mmoja wao.

Awe nani awe nani, acheni leo hii. Sikumalizia kwamba waliacha. Madaktari waliacha dawa hiyo zamani, na sababu ni hii: kwenye sehemu kubwa isiyo na ngozi, tanini haibaki juu. Inaingia kwenye damu, inafika kwenye ini, inaliua. Ganda lenyewe mnalolisifia linafunika usaha unaokula chini yake msiuone. Kidogo kwenye fizi ni dawa. Kifua na tumbo zima ni sumu, tena maji yenu ya shimo yameloweka ngozi za ng'ombe, yana kila uchafu.

Mpelekeni hospitali. Mtazameni weupe wa macho, kama una umanjano msingoje kupambazuke.

Na mama aniandikie kitu kwa mkono wake chini ya barua, hata mstari wa kukwaruza tu. Safari hii hukuniletea hata tusi lake moja, na sijapenda.

Honi anaondoka leo hiihii, nimemwomba asipitie popote.

Mdogo wako.


21 Aprili

Mdogo wangu,

Honi hajafika. Tunasikia lori limevunjika ekseli katikati ya safari na anasubiri kipuri. Kama ulijibu, jibu lako limelala humo. Hii nampa fundi viatu, anakuja huko kwa basi.

Si jirani. Ni mama.

Ilikuwa katikati ya Machi. Alikuwa anakoroga, goti likamwachia, akashika ukingo wa pipa asianguke, likampindukia. Mimi nilikuwa nyuma nakwangua ngozi. Nilisikia pipa, yeye sikumsikia. Hakupiga hata ukelele.

Tulimmwagia maji ya shimo la tatu yaliyopoa, asubuhi na jioni, kama ulivyoandika. Mwanzoni yalimfaa kweli. Ganda lilifunga, maumivu yakapungua, akaanza kututania. Akasema sasa na yeye anafaa kushonewa viatu. Sasa macho yake ni ya manjano, na maneno anayosema hayana kichwa wala miguu. Jana nimempeleka hospitali. Daktari alinyanyua kipande cha ganda pembeni, harufu ikatoka, akanitazama, akakirudisha.

Njoo.


8 Juni

Kaka,

Shikamoo yako ukiitafuta humu hutaiona.

Nimefika salama, kama unajali. Nilikuja nikakuta kaburi bado bichi, nikakaa siku chache nikaangalia watu wanakunywa chai, nikarudi. Niliyoyasema msibani sirudishi hata moja. Nilisema ulimloweka mama shimoni kama ngozi ya ng'ombe, na shangazi wakaziba masikio. Bora wangekushika mkono mapema, ukiwa bado hujamwaga.

Niliandika kwamba zamani walifanya hivyo. Sikuandika fanyeni. Mtu mwenye akili zake anasoma barua kuhusu kuhara na fizi, halafu mama yake anaungua kifua kizima, naye anakwenda kuchota maji ya shimoni. Hospitali iko mwisho wa mtaa wetu. Ukisimama mlangoni kwetu unaliona bati lake.

Nilikuuliza mbele ya wajomba: kwa nini hukumpeleka siku ileile? Nikauliza, kwa nini ulinidanganya ni jirani? Ukainuka ukaenda kuwapangia watu viti. Viti, kaka. Mimi nakuuliza habari ya mama na wewe unahesabu nani hajakaa.

Kazini nimeomba wanitoe kwenye mimea. Kila nikidondosha jelatini na maji yakachafuka, naona kifua cha mama kinafunga. Wamenipeleka kupima maji ya kunywa. Nakaa kutwa nzima natazama maji safi, na bado sina raha.

Nimewaza sana nikafika mahali pabaya, na nitapasema. Nadhani ulitaka kuona. Tangu utoto ulikuwa unangoja siku ambayo shule yangu itashindwa, na ilipokuja hukutaka ikupite. Kama si hivyo, niambie ni nini. Nijibu hilo moja tu, na ukishalijibu usiniandikie tena.


30 Juni

Mdogo wangu,

Shikamoo siidai. Wifi yako anakusalimu, watoto pia, wao hawana ugomvi na mtu.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Pale msibani niliona heri unitukane mimi, mgongo wangu mpana. Lakini hayo ya mwisho uliyoandika yamenishinda kumeza. Ulitaka jibu, lichukue.

Barua zako zote nilimsomea mama kwa sauti. Ile ya Februari alinisomesha tena na tena mpaka akaishika kichwani, ya tanini, ya mate, ya jelatini. Wateja walikuja kununua ngozi wakaondoka na mhadhara. Fundi viatu alikuwa akimwona tu anajibanza. Alipofika kwenye dawa alikuwa anainua sauti: haya yamesemwa na binti yangu, yamepimwa.

Siku alipoungua niliazima mkokoteni, nikatandika shuka juu yake, nikauleta mpaka mlangoni. Akasema hapandi. Hospitali watamwambia nini ambacho Daktari wake hajakiandika? Nikamletea barua. Nikamwonyesha mahali ulipoishia, nikamwambia mama, hapa mtoto ameandika ila, maana yake kuna neno alikuwa nalo. Akasema hiyo ila ni ya Honi, si ya dawa. Nikambembeleza. Nililia, mtu mzima na ndevu zangu, muulize wifi yako. Ndipo mama akaniambia, taratibu tu, kwamba nataka kumpeleka hospitali kwa sababu moja: sijawahi kukubali kwamba mdogo wangu amenipita akili, na hata leo ameungua bado naona wivu.

Hapo alinipata. Alinipata kwa sababu si uongo. Nikachukua ndoo nikaenda kuchota.

Lile neno la jirani pia lilikuwa lake. Alisema usiambiwe, utaacha kazi uje bure. Atapona, halafu wewe mwenyewe utakuja kuona mkono wako ulivyofanya kazi. Alishapanga na gauni la kuvaa siku hiyo, lenye mikono mifupi, ili uone vizuri.

Kuna moja limebaki na nilitaka kuzikwa nalo. Honi alifika mama akiwa hospitali. Barua yako ya tarehe tisa alinikabidhi mlangoni mwa wodi. Mama siku hiyo alikuwa na ile nafuu ya mwisho, akili imemrudia, akaiona bahasha na mwandiko wako. Akasema soma. Nikaanza, shikamoo, sijui ukurasa mmoja, jirani gani. Akacheka. Macho yangu yalikuwa yametangulia chini nikaona waliacha, nikaona ini, nikaona sumu. Nikaruka. Nikaendelea kusoma vilevile, bila kusita, maneno ambayo hayapo, nikitunga mpaka mwisho, nikakunja karatasi.

Alikuwa ananitazama. Akaniambia, "Unaona?" Nikamwambia naona, mama. Baada ya hapo hakuzungumza tena jambo la kueleweka.

Mashimo nimeyafukia yote matatu. Fundi viatu ananitafutia kazi kwake. Kuandika siandiki tena, kama ulivyotaka.

Kaka yako.


19 Julai

Kaka,

Shikamoo.

Najua nilikuambia usiniandikie, na najua umesema huandiki. Soma hii mara moja tu.

Nimekujibu mara nyingi kwenye karatasi nikachana. Moja ilikuwa ya hasira, kwamba ungeniacha tu nikulaumu wewe, nilikuwa nimeshazoea na ilikuwa inanisaidia kuamka asubuhi. Nyingine ilikuwa ya kuomba radhi, nikaiona nyepesi mno, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake sokoni. Zote zimekwenda kwenye jaa. Shemeji yako hajui aniambie nini, amebaki kuniwekea chai mezani na kuiondoa ikiwa imepoa.

Sikusamehe kwa karatasi, na wewe usinisamehe kwa karatasi. Nadhani hata tukikaa uso kwa uso itachukua muda, na huenda isiwezekane.

Ila uliporuka pale na kuanza kutunga, mama alijua ninayesema ni mimi. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Alikwenda nayo, na mimi mwenyewe siyajui.

Niandikie nilimwambia nini.